Goma–Masisi: Safari ya siku moja inayoonesha chakula cha mji kinatoka wapi

Kwa miaka mingi wakaaji wa Goma, pamoja na wageni waliopitia mji huu, walikuwa na safari moja isiyohitaji ndege wala siku ya kulala nje. Mtu alipanda asubuhi vilima vya Masisi pamoja na mwongozaji, akatembelea mashamba ya ng'ombe, akaonja fromaji pale pale inapotengenezwa, kisha akashuka mbele ya jua kuzama. Wafanyakazi wa mashirika waliifanya siku ya Jumapili. Familia za Goma ziliwapeleka watoto waone ng'ombe na kukimbia kwenye majani. Watalii waliotoka kupanda Nyiragongo waliongeza siku moja kwa ajili ya Masisi.

Februari 2023 mapigano yalifika Mushaki, na safari hiyo ikakatika. Mwezi wa Januari 2025 Sake na Goma ziliingia mikononi mwa AFC/M23. Mapatano ya Washington ya tarehe 27 Juni 2025 kati ya Kongo na Rwanda hayakuzima risasi katika vilima vya Masisi. Serkali nyingi za nje zinaendelea kuwashauri raia wao wasifike kabisa Kivu ya Kaskazini.

Hata hivyo, ng'ombe wangali wanakamuliwa pale inapowezekana, na mji ungali unakula. Kuipitia safari hiyo hatua kwa hatua, kama waongozaji walivyokuwa wakiifanya, kunasaidia kuelewa jambo ambalo watu wa Goma husahau wanaposimama mbele ya meza ya soko: kiazi, maharagi, maziwa na fromaji vinategemea barabara moja, na pia ardhi ambayo watu wamegombania kwa muda wa karibu miaka mia.

Barabara ya mawe meusi

Waongozaji wazoefu walitoka Goma saa kumi na mbili asubuhi. Sababu ya kwanza ilikuwa usalama: kila mmoja alitaka kuwa amerudi Sake ifikapo saa kumi za jioni. Sababu ya pili ni maziwa. Ng'ombe hukamuliwa alfajiri, na kazi ya kutengeneza fromaji huanza maziwa yakiwa bado na joto. Anayefika saa sita mchana hukuta vyungu vimekwisha kuoshwa.

Kutoka Goma mpaka Sake kuna kilomita 25 hivi za lami, kandokando ya Ziwa Kivu. Gari hupita Mugunga na kukata uwanda wa lava. Hapo mwongozaji mzuri hupunguza mwendo ili awaeleze wageni jambo moja. Nyiragongo ndiyo iliyochoma Goma mwaka 2002 na kufika pembeni mwa mji mwaka 2021, lakini karibu na Sake mawe mengi ni ya jirani yake, Nyamulagira. Mlipuko wake ulioanza mwaka 1938 na kuisha 1940 uliteremsha lava mpaka ndani ya ziwa. Leo majani na miti vimeota juu yake, lakini jembe bado linapata shida kuingia.

Pande hizo za Mugunga zimebeba pia kumbukumbu nyingine. Mwaka 1994 kulijaa wakimbizi kutoka Rwanda. Miaka ya 2023 na 2024 kulijaa wakimbizi wa ndani, na wengi wao walikuwa wakulima na wafugaji wa Masisi hiyo hiyo. Waliokuwa wakilisha Goma walijikuta wakipanga mstari kungojea unga wa msaada, kwa mwendo wa saa chache tu kutoka mashamba yao. Februari 2025 kambi za kandokando ya Goma zilivunjwa. Wengine walirudi vijijini na kukuta nyumba hazina mabati na mazizi hayana mnyama.

Sake ni njia panda. Kushoto barabara inaelekea Minova na Bukavu. Upande wa pili inapanda Masisi. Ndiyo sababu kila jeshi na kila kundi lenye silaha limetaka kushika Sake. Anayeishika ana ufunguo wa ghala la Goma. Katika siku za amani, hapo ndipo wamama hupanga ndizi, kabichi na mahindi ya kuchoma, na hapo ndipo chukudu kutoka juu hupumzika. Sanamu ya chukudu iliyopakwa rangi ya dhahabu iko mjini Goma, lakini chukudu zenyewe kazi yao iko katika mteremko huu: kushusha magunia ya viazi na makaa huku mwenye nayo akibana breki kwa mguu.

Juu ya mita elfu mbili

Baada ya Sake lami inaachwa. Njia ni ya udongo, ina kona kali, na wakati wa mvua gari huteleza kama limepakwa sabuni. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Vilima vya Masisi vinapita mita 2,000. Ndani ya mwendo mfupi baridi huingia kwa madirisha, migomba inapungua, na malisho yanaanza: majani mafupi, mazito, ya kijani kibichi, yenye miti michache na nyua za mbao.

Wageni wengi huona hapo sura ya Uswisi, na jina hilo limebaki midomoni mwa wauzaji wa safari. Lakini kilimo cha Masisi si cha ng'ombe tu. Kandokando ya malisho kuna vipande vya maharagi, mahindi, viazi, karoti, vitunguu na kabichi, vingine vikiwa vimepandwa kwenye mteremko ambao hata mbuzi hujifikiria mara mbili. Udongo wa volkeno na mvua ya karibu mwaka mzima huwapa wakulima misimu miwili ya kupanda. Tangu zamani Goma imepata hapa sehemu kubwa ya chakula chake.

Ng'ombe pia wana historia yao. Kuna Ankole wa pembe ndefu, wavumilivu wa magonjwa na njaa, ila maziwa yao ni machache, lita mbili au tatu kwa siku. Kuna damu ya Frisonne na ya ng'ombe wa kahawia wa milima ya Ulaya, walioletwa ili maziwa yaongezeke. Wengi wanaoonekana vilimani leo ni machotara. Mfugaji huchagua kati ya faida na hatari: ng'ombe wa kisasa hutoa maziwa zaidi, lakini anataka dawa, majani mazuri na utulivu. Kukimbia usiku siku tatu mfululizo hakumfai. Ankole hutembea.

Mifugo ya Masisi iliangamizwa karibu yote katika vita vya miaka ya 1990. Wafugaji, pamoja na ushirika wao ACOGENOKI wenye makao Goma, walijenga upya kundi kidogo kidogo. Kwa hiyo anayeona ng'ombe ishirini kwenye kilima anaona kazi ya miaka mingi ambayo usiku mmoja wa wizi unaweza kuifuta.

Maziwa yanayongojea barabara

Kituo kikubwa cha safari ni chumba cha fromaji. Mara nyingi ni nyumba ya mbao au ya matofali, yenye jiko la kuni, sufuria kubwa, meza na rafu. Ufundi huu uliletwa na wamisionari Wabelgiji, kisha ukashikwa na wenyeji, ambao wanaufanya bila mashine kubwa na mara nyingi bila umeme.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza, si rahisi kufanya. Maziwa huchujwa kwa kitambaa na kupashwa moto mpaka yafikie joto la nyuzi 30 hivi. Kisha hutiwa presure, dawa ya kugandisha ambayo asili yake ni tumbo la ndama. Yakishaganda hukatwa vipande vidogo, na maji yake hutolewa, ambayo mara nyingi huenda kwa nguruwe au ndama. Vipande hukusanywa ndani ya kitambaa, huwekwa kwenye kibati cha mviringo na kubanwa kwa uzito. Baadaye fromaji hulala ndani ya maji ya chumvi, kisha hupanda kwenye rafu na kukaa hapo majuma kadhaa, ikigeuzwa mara kwa mara isioze upande mmoja. Baridi ya mlima ndiyo friji. Inayotoka hapo ni ya manjano, ngumu kiasi, inayofanana na gouda ya Uholanzi.

Hapo mwongozaji anayejua kazi yake huwapa wageni hesabu. Kilo moja ya fromaji huhitaji lita 10 hivi za maziwa. Fromaji moja nzima ya kilo tatu ni lita 30. Ikiwa ng'ombe wa kienyeji anatoa lita tatu, basi duara moja ambalo mteja wa Goma hubeba chini ya kwapa ni kazi ya ng'ombe kumi kwa siku nzima, pamoja na wachungaji wao, mkamuaji, mkata kuni na mtu anayegeuza rafu. Baada ya hesabu hiyo, wageni wengi waliacha kulalamika juu ya bei.

Kwa nini watu wa Masisi wasiuze maziwa tu? Wanauza. Kila asubuhi, njia ikiwa wazi, wamotari hushuka na bidoni za manjano, na mashanza hupatikana Goma karibu kila mtaa. Lakini maziwa mabichi hayana subira. Mvua ikiziba njia, lori likikwama, barieri ikichelewesha motari kwa saa tatu, mali imeharibika. Fromaji inaweza kukaa. Inaweza kungojea siku ambayo njia itafunguka, kushuka Goma, hata kufika Kinshasa. Kwa mfugaji asiye na lami, umeme wala benki, rafu ya fromaji ni akiba yake.

Onyo moja ambalo halipaswi kusahaulika: mgeni akipewa kikombe cha maziwa, aombe yaliyochemshwa. Maziwa mabichi yanaweza kubeba brucellose na kifua kikuu cha ng'ombe. Kuomba hivyo si dharau, na wenyeji wengi wanaelewa.

Kilima hiki ni cha nani?

Ni hapa ambapo safari nyingi zilikatisha maelezo, zikabaki na picha za majani na ng'ombe. Lakini mgeni anayeona malisho yasiyo na mwisho upande mmoja wa njia, na upande wa pili mama anayelima kipande kisichozidi uwanja wa mpira, ana haki ya kuuliza.

Jibu linaanza wakati wa ukoloni. Kuanzia 1928, kampuni ya Comité National du Kivu ilipewa mamlaka makubwa ya kugawa ardhi, na walowezi wa Kizungu wakapata mashamba katika vilima hivi, kwenye udongo ambao machifu na jamaa walikuwa wakiugawa kwa desturi yao. Kuanzia 1937, utawala wa Kibelgiji uliwahamisha watu kutoka Rwanda kuja kukaa na kufanya kazi Masisi, hasa upande wa Gishari. Mwaka 1973 mambo mawili yalifuatana: sheria ya tarehe 20 Julai iliyosema ardhi yote ni mali ya Serkali, na zairianisation ya tarehe 30 Novemba iliyowapa Wazaire mali za wageni. Mashamba makubwa yakapita kwa wale waliokuwa karibu na utawala. Mkulima mdogo mwenye haki ya kimila, asiye na karatasi, akajikuta anaishi ndani ya konsesioni ya mtu asiyemjua.

Machi 1993 vita vya kijamii vilipozuka Walikale na kufika Masisi, swali la ardhi lilikuwa katikati, pamoja na lile la uraia na la nani awe chifu. Vita vyote vilivyofuata vimelikuta swali hilo lipo na vimeliongezea kidonda: watu wamekimbia, wengine wamekalia mashamba yao, wengine wameuza kisichokuwa chao.

Leo kuna wakulima wanaopata kipande cha kulima ndani ya shamba kubwa kwa kumfanyia mwenye shamba kazi siku kadhaa kwa juma. Wengine huita kazi hiyo salongo, neno la wakati wa Mobutu. Katika mpango huo hakuna karatasi. Mwenye shamba akiamua kurudisha ng'ombe kwenye kipande hicho, maharagi yanaisha.

Kusema hivi hakumaanishi kwamba kila mwenye shamba kubwa ni mnyang'anyi. Wako walionunua kihalali, walioajiri vijana, waliojenga vyumba vya fromaji na kununua maziwa ya majirani wadogo. Tofauti hiyo ndiyo safari nzuri inapaswa kuionesha. Mgeni akijua kwamba fromaji anayoionja imetokana na maziwa ya jamaa kumi za kijiji, au na ng'ombe wa mtu mmoja anayekaa Kinshasa, anajua pesa yake inaenda wapi.

Barabara ikifungwa

Siku moja ya safari iligawa pesa kwa watu wengi: dereva, mwongozaji, mwenye chumba cha fromaji, mtoto anayefungua lango, mama wa mahindi pale Sake, kijana anayesukuma gari lililokwama. Si utajiri, lakini ni pesa ya mkononi mahali ambapo pesa huonekana baada ya mavuno tu.

Ilikuwa pia safari yenye barieri. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, taasisi ya Ubelgiji, walihesabu barieri 798 katika Kivu zote mbili, za wanajeshi, za watumishi wa Serkali na za makundi yenye silaha. Mgeni katika gari la kukodi hupita kwa salamu na barua. Mama mwenye gunia la viazi hulipa, kisha anaongeza malipo hayo juu ya bei ya soko. Mkaaji wa Goma anapolalamika kwamba viazi vimepanda, mara nyingi anachonunua ni kiazi pamoja na barieri zake.

Vita ilipofika Mushaki, kilichosimama kwanza ni magari ya wageni. Baadaye maziwa yakapungua, kisha viazi. Wafugaji waliotaka kuokoa mnyama waliuza kwa haraka na kwa hasara. Wengine walipoteza kundi zima. Waongozaji wa Goma waliokuwa wakijua kila kona ya njia walitafuta kazi nyingine, na wengine wakavuka mpaka.

Kwa hiyo swali la kuanza tena safari za Masisi haliwezi kujibiwa na tangazo lenye picha nzuri. Maneno ya kundi lolote lenye silaha kwamba njia ni salama si bima kwa msafiri. Alama za kweli ziko kwingine: wakulima wanalala mashambani mwao au wanalala porini? Motari za maziwa zinashuka kila siku au mara moja moja? Soko la wiki linafanyika? Watoto wako shuleni? Pale mambo hayo yanaporudi, mgeni anaweza kufuata. Akitangulia mbele ya mkulima mwenyewe, anajitafutia hatari, na anawatafutia hatari wanaompokea.

Siku njia itakapofunguka

Kwa watakaokwenda siku hiyo, mashauri ya waongozaji wa zamani bado yana faida. Miezi mizuri ni Juni, Julai na Agosti, mvua inapopungua. Gari liwe refu, lenye nguvu kwa matairi yote manne. Koti na viatu vya matope ni lazima hata kama Goma kuna jua. Pesa iwe ya franka ndogo ndogo, kwa sababu hakuna atakayerudisha chenji ya dola mia. Mwongozaji awe mtu anayejulikana vijijini, aliyepiga simu mbele ya kutoka, na atakayeanza kwa kumsalimia chifu wa pale. Picha za watu huombwa. Za wanajeshi na barieri hazipigwi kamwe.

Tena kuna maswali ya kumuuliza mwongozaji mbele ya kulipa: shamba tutakaloenda ni la nani? Maziwa yake yanatoka kwa nani, na lita inanunuliwa kwa bei gani? Wafanyakazi wanalipwa kwa siku au kwa kipande cha ardhi? Katika pesa hii ya safari, kiasi gani kinabaki kijijini? Mwongozaji anayejibu bila kuzunguka ndiye wa kufuata.

Mpaka hapo, aliyebaki mjini anaweza kuuliza maswali hayo hayo mbele ya meza ya fromaji sokoni. Muuzaji anajua duara lile limetoka kilima kipi, limeshuka kwa motari ya nani na limelipiwa mara ngapi njiani. Mara nyingi, wateja hawamuulizi.